Ubavu wa Tisa wa Corey Haddrill

Mtu akikwambia Merle Tuckwell ndiye aliyetaka kumuua Corey Haddrill, mwambie aje aniambie mimi. Nimeyasikia maneno hayo baa, nimeyasikia kwenye foleni ya posta, nimeyasikia hata kwenye mazishi ya mtu mwingine kabisa, na mwaka mzima nikanyamaza kimya na kinywa changu kikubwa hiki. Leo sinyamazi.

Mimi ni Leith Pascoe. Hapa Wirrabool wananiita Pasko. Siku za kazi naendesha greda la halmashauri, na Jumanne, Alhamisi na Jumamosi ndiye ninayewafunga plasta wachezaji wa timu yetu ya mpira, huu wetu wa kushika kwa mikono na kupiga kwa mguu, watu kumi na nane kila upande: vifundo, magoti, vidole, mabega. Mimi si daktari. Nilisoma kozi ya wikendi mbili, nikapewa cheti na mkoba mwekundu, basi. Vijana walipoanza kuniuliza, "Pasko, hii imevunjika?" nami nikaanza kujibu, nikasahau kwamba sijui.

Merle alikuwa anajua. Miaka thelathini na moja alifanya kazi machinjioni, chumba cha kutoa mifupa, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na tisa. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinaishia katikati, kilichobaki kilikwenda na msumeno mwaka wa pili. Alikifunga kwa taulo, akamaliza mzoga uliokuwa mbele yake, ndipo akaenda kwa msimamizi. Ng'ombe akishuka kwenye lori Merle alimtazama hatua tatu tu na kusema bega lipi limetenguka, na kisu kikishapita ilionekana hajakosea. Wanaume walijaribu kumwekea dau mwanzoni, wakaacha.

Alikuwa na mume, Vern, mkono mwepesi, mtu wa kupiga kabla ya chakula na baada ya chakula. Kila mtu alijua na hakuna aliyesema, maana ndivyo tulivyo hapa, tunapenda kujua. Siku moja Vern alimwangushia sufuria ya viazi mgongoni. Merle aliitoa ile sufuria chini, akaiweka mezani, akamshika Vern kiwiko kwa mikono miwili na kukizungusha pale pale ambapo kazini hukipitishia kisu kwenye ndama. Kikafunguka. Akampeleka hospitali mwenyewe kwa gari lake, Vern akilia njia nzima, kisha akarudi nyumbani akafunga mlango kwa ndani. Vern hakurudi. Kuanzia wiki ile Merle akaanza kuja mazoezini.

Alisimama nyuma ya magoli ya kaskazini, karibu na tangi la maji, Jumanne na Alhamisi, iwe baridi isiwe baridi. Koti la manyoya la mume aliyekimbia, chupa ya chai ya chuma, daftari la shule na penseli iliyofungwa kwa uzi. Viti vilikuwepo, hakukaa. Wachezaji walimwita Shangazi Merle, na aliyempita bila kumsalimu aliandikwa. Alhamisi akifika nyumbani aliyapeleka aliyoyaona kwenye ukurasa wa mashabiki wa Wirrabool mtandaoni, yakasomwa na vijana wetu walioko migodini huko magharibi kabla hawajala.

Nina moja ya hizo hapa: "Namba 5 anakanyagia nje ya mguu. Ni kiatu kipya au mkewe kamfukuza tena na analala kwenye gari. Namba 22 ni mnene. Soseji tatu kabla ya kukimbia, nilimwona. Namba 14 leo karuka juu ya wote, kashika mpira tisa kwa tisa, na hakutazama jukwaani hata mara moja kuona nani anamtazama. Huyo ndiye mchezaji."

Namba 14 ndiye Corey. Miaka ishirini na mitatu, fundi wa uzio, mrefu, mkimya, mpira ukipigwa juu anapanda mgongoni kwa mtu na kuuchukua huko huko hewani. Merle alikuwa anamwandika tangu yuko na timu ya watoto wa chini ya miaka kumi na miwili. Hawakuwa ndugu. Nadhani hawakuwa wamezungumza maneno hamsini maisha yao yote. Lakini mama mzazi wa Corey mwenyewe aliniambia, "Nikitaka kujua mwanangu yuko vipi nasoma kwa Merle."

Kocha wetu, Garth Mulcahy, ana zoezi analoliita Kisima. Timu nzima inafanya duara, watu wawili wanalala chali katikati, kichwa kwa kichwa, mpira unawekwa pembeni. Filimbi ikilia wanainuka na kuupigania, na duara linawasukuma warudi ndani. Hakuna faulo. Filimbi ya pili inalia Garth akiridhika, na Garth haridhiki upesi. Nimefuta damu nyingi kwenye Kisima kuliko kwenye mechi, na usiniulize faida yake nini. Tulikuwa na miaka ishirini na tisa bila kombe, na kwa miaka ishirini na tisa watu walikuwa tayari kujaribu lolote.

Jumanne ya wiki ya nusu fainali Garth aliwaita Corey na Dooley. Dooley ndiye namba 22, yule wa soseji, kilo mia na kumi na tatu, roho safi kabisa, anakuomba radhi akishakukanyaga. Filimbi ikalia. Corey alikuwa mwepesi, aliufikia kwanza, na Dooley akaja juu yake na goti mbele. Lile goti likaingia ubavuni kushoto, na uzito wote ukafuata nyuma. Corey hakupiga kelele. Alifungua mdomo tu, hakikutoka kitu.

"Samahani kaka," Dooley akasema, naye ameshaupoteza mpira.

Nikampeleka Corey chumba cha kubadilishia nguo, nikamlaza, nikapitisha vidole. Sasa nisikilize vizuri. Kwenye ubavu wa tisa, ukihesabu kutoka juu, mfupa uliruka chini ya kidole changu. Nikabonyeza tena. Ukaruka tena. Alitoa jasho usoni na chumba kile kilikuwa baridi kama kaburi. Garth alikuwa amesimama mlangoni.

"Haya, niambie," Garth akasema.

Nilimtazama Garth, nikaitazama picha ya timu ya mwisho kuchukua kombe, baba yangu yumo mstari wa nyuma.

"Umechubuka," nikasema. "Nitamfunga vizuri. Jumamosi atacheza."

"Una hakika, Pasko?" Corey akauliza. "Maana nikivuta pumzi..."

"Umechubuka, dogo. Mimi ndiye ninayeshika, au wewe?"

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Alhamisi nilimfunga plasta tabaka nne, akavaa jezi juu, akaenda kukimbia na wenzake. Mtu wa kawaida asingeona kitu. Alikimbia, alipiga mpira, alicheka. Merle alitazama dakika kumi, akafunga daftari, akaja moja kwa moja hadi kwenye banda langu huku watu wanachoma soseji.

"Corey amevunjika ubavu," akasema.

"Amechubuka, Shangazi."

"Usinishangazi. Akigeuka anageuza mwili mzima. Mkono wa kushoto haupandi juu ya sikio. Mpira ukitoka kushoto anauacha upite na kujifanya kateleza. Ni wa tisa. Labda na wa kumi."

"Shangazi Merle, yule si ndama. Nenda kale soseji."

Vijana wawili waliokuwa karibu wakacheka, nami nikafurahi kwamba wamecheka. Akanitazama mikono, si usoni, mikono. Kisha akaenda kwa Garth. Sikusikia walichosema mwanzo ila mwisho nilisikia, kama wote walivyosikia, maana Garth alipaza sauti makusudi: "Mama, mimi timu yangu sipangiwi na muuza utumbo!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Merle akaokota chupa yake ya chai, akaenda zake.

Usiku ule akaandika, na hapa ndipo kosa lake, kama unataka kosa lake. Aliandika kwa hasira, akaandika yote. "Namba 14 amevunjika ubavu wa tisa, kushoto. Pasko anajua. Garth anajua. Mfupa ule uko juu ya bandama. Jumamosi akipigwa hapo atatokwa damu ndani na atakufa uwanjani mbele ya mama yake. Mtoeni." Alifikiri wataona aibu. Alifikiri simu zitapigwa, mama mtu atakuja juu, kamati itaamka. Alisahau jambo ambalo sisi wote wa huku tunalisahau kila wiki, kwamba Dunmallee, tuliokuwa tucheze nao Jumamosi, nao wana macho. Kila timu ya ligi inasoma ukurasa wa jirani yake kabla ya kulala, na hakuna anayekiri. Sisi pia tuliwasoma wao.

Na kwetu unadhani walifanya nini? Walimtukana. Mchawi, mkosi, anataka kuvunja timu moyo. Mama yake Corey alinipigia simu, "Pasko, niambie kweli." Nikamwambia kweli gani, mama, mwanao mzima, yule bibi amechanganyikiwa tangu astaafu.

Jumamosi magari yalizunguka uwanja wote, pua zimeelekea ndani, tangu saa tatu asubuhi. Mvua ya usiku ilikuwa imelainisha katikati, matope mekundu. Dunmallee waliingia na nahodha wao mbele, Rory Quilter, shingo fupi, pua imevunjika mara tatu, mtu ambaye hata kwao hawampendi ila siku ya mechi wanampenda. Kabla mpira haujarushwa alikwenda akasimama ubavuni kwa Corey, karibu kabisa, na mimi nilikuwa hatua chache na chupa zangu za maji.

"Habari ya ubavu, mpenzi?" Quilter akasema. "Wa tisa, eti? Au nihesabu mwenyewe?"

Corey aligeuka akanitazama mimi. Sijui alikuwa anatafuta nini. Nikamnyooshea dole gumba.

Ngumi ya kwanza ilikuja kabla ya dakika moja, marefa wote wanatazama mpira, na Corey akainama hadi magotini. Ya pili ilikuwa kiwiko. Dooley aliona ya pili, akamkamata Quilter koo na kumzamisha uso kwenye matope, na wakamwagika wote, watu thelathini na sita, ngumi, mateke, kucha. Mmoja wao aling'atwa sikio. Mashabiki walipiga honi kwa furaha. Ilipotulia refa akawapa Dunmallee mpira, kwa sababu Dooley ndiye aliyeonekana.

Mapumziko nikamfungua Corey plasta nione. Ubavu ule ulikuwa mweusi. Nikamfunga tena, nikakaza zaidi. Garth alikuwa anapiga makofi usoni pa watu mmoja mmoja, makofi kweli kweli, anapiga kelele miaka ishirini na tisa, miaka ishirini na tisa. Corey alikula kipande cha chungwa, akakitapika.

Robo ya tatu tukiwa nyuma kwa goli moja, mpira ukapigwa juu sana mbele ya magoli ya kaskazini. Corey alipanda. Mungu wangu, alipanda na hali ile, mkono mmoja tu juu, wa kulia, na akaupata. Magari yote yakalia. Na Quilter, ambaye mpira ule haukuwa wake na hakuutaka, alikuja kutoka nyuma na goti limekunjwa, akamchoma nalo ubavuni Corey akiwa bado hewani. Nilisikia mlio nikiwa kando ya mstari. Walianguka pamoja, na Quilter alipoinuka alimkanyaga tena pale pale, mara moja, kwa utulivu, kama mtu anayezima sigara.

Corey akainuka. Ndiyo, aliinuka. Akapiga mpira kwa magoli, ukapita katikati, pointi sita, tukasawazisha, honi zikalia mpaka masikio yakauma. Garth alinikumbatia. Mimi nilikuwa ninalia kwa furaha, nikwambie ukweli wote.

"Pasko!" Ilikuwa sauti ya Merle, nyuma ya magoli. "Pasko! Bega! Anashika bega!"

Nilitazama. Corey alikuwa anatembea kurudi kwenye nafasi yake, mkono wa kulia umeshika bega la kushoto.

"Bega lake ni zima!" nikamjibu.

"Ndiyo, pumbavu wee, ni zima! Hakuna aliyeligusa leo, nimetazama! Kwa nini analishika? Bandama ikivuja maumivu hupanda begani! Mtazame midomo!"

Sikutazama. Nilikuwa natazama ubao. Merle akiwa na miaka sitini na minne akapanda uzio, koti likanasa, akaliacha kwenye waya, akaja anakimbia kwenye matope na gumboti zake na chupa ya chai mkononi, mpira umeshaanza tena. Refa alipiga filimbi, Merle hakusimama. Quilter akajiweka njiani na mikono kiunoni.

"Bibi, rudi jikoni," akasema.

Merle alimpiga mdomoni kwa chupa ile. Chuma, imejaa. Meno mawili yalitoka na nikayaona yalipoangukia. Hakupunguza hata mwendo. Alimfikia Corey wakati miguu yake inakunjika, akamdaka, akakaa naye kwenye matope, kichwa chake mapajani, midomo iliyokuwa ya kijivu imeanza kuwa ya buluu. Nyuma yao watu walikuwa wanapigana tena, safari hii hata wa kwenye magari walishuka, baba mmoja na kiti cha kukunja, na Merle amemwinamia yule kijana asikanyagwe, anapigwa mateke mgongoni na watu wasiojua wanampiga nani.

"Wewe na plasta zako," akaniambia nilipofika. "Piga simu. Sema anatokwa damu ndani. Sema hivyo hivyo, usiongeze la kwako."

Nikasema hivyo hivyo. Daktari wa hospitali alimwambia mama yake Corey kwamba dakika ishirini zaidi na wangekuwa wanampokea maiti. Bandama waliitoa vipande. Mpira basi, maisha yake yote.

Na mechi tukapoteza.

Jumatano kamati ikakutana kwenye ukumbi wa klabu, watu wamejaa hadi nje. Mtu alikuwa ameshavunja madirisha ya Merle mawili, na mwingine alikuwa amemtupia kichwa cha kondoo barazani. Alikuja peke yake, mgongo umemkakamaa kwa mateke, akasimama mbele ya meza. Mwenyekiti akamsomea: aliwaambia adui pa kupiga, aliingia uwanjani, alimvunja mchezaji meno.

"Meno nakubali," Merle akasema. "Mengine nilimwambia Pasko kwanza. Alhamisi. Alijua."

Vichwa vyote vikanigeukia. Garth alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu, anatazama sakafu. Mama yake Corey hakuwepo, alikuwa hospitalini. Ningeweza kusema wakati ule. Ilikuwa rahisi, maneno matatu. Nilifikiria baba yangu kwenye ile picha, nikafikiria mkoba mwekundu, nikafikiria watu hawa hawa na kichwa cha kondoo barazani kwangu.

"Hakukuwa na ubavu uliovunjika," nikasema, "mpaka Jumamosi Dunmallee waliposoma pa kuvunja."

Walipiga makofi. Merle alinitazama mikono tena. Wakamfungia uwanja maisha, na akatoka, watu wakimpisha kwa kumsukuma.

Lakini barabara ni ya umma. Mazoezi yalipoanza tena, Jumanne ya kwanza, pikapu nyeupe ilisimama nje ya uzio wa waya upande wa kaskazini, na Merle ndani, usukani mkononi, anatazama. Hana daftari. Alhamisi akaja tena. Vijana wakageuza mchezo, wakawa wanamrushia matope kioo cha mbele. Aliwasha waipa, akaendelea kutazama.

Corey alirudi akiwa amekonda, tukampa kazi ya ubao wa matokeo na kubeba mipira. Alimpita Merle dukani bila kumtazama. Watu walikuwa wameshamwambia nani alimponza, na aliyemwambia kwa maelezo marefu zaidi ni mimi, kando ya kitanda chake, na zabibu nimemletea.

Mwezi wa nne, Jumanne, Garth akaita Kisima. Baada ya yote yale, bado Kisima. Dooley akalala chali na kijana mpya anayefanya kazi benki. Filimbi. Wakagongana utosi kwa utosi wakiinuka, mlio mkavu, na Dooley akakaa chini, akacheka, akasema nyota zinapendeza leo. Kisha akaja kwangu anatembea taratibu.

"Pasko, shingo imekaza. Nikande nirudi."

Nikamweka kwenye benchi, nikasimama nyuma yake, nikaweka mikono. Na barabarani honi ikalia. Moja, ndefu, haikatiki. Watu wakacheka, wakaanza kuzomea. Honi ikanyamaza, mlango ukafungwa kwa kishindo, na Merle akaja hadi kwenye waya, akaushika kwa vidole tisa na nusu.

"Pasko!" Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu mkutano. "Toa mikono shingoni mwake! Alipoitwa kushoto aligeuka na mabega! Usimguse!"

"Msimsikilize mchawi yule," Garth akasema. "Mkande arudi, tuna dakika arobaini."

Vidole vyangu vilikuwa bado pale. Chini ya kidole cha katikati nilihisi pingili ya shingo ambayo haiko mahali pake. Sikubonyeza mara ya pili.

"Dooley," nikasema, "lala chini polepole. Usitikise kichwa. Mtu aite gari la wagonjwa."

"Kwa nini?" Garth akauliza. "Nani kasema?"

"Merle kasema."

"Merle! Merle huyu aliyemuuza Corey?"

Kuna kitu kikanipasuka. Sijui nilipata wapi sauti ile, walinisikia hadi barabarani. "Hakumuuza! Ulikuwa mlangoni, Garth, mwongo mkubwa wee, na mimi mwongo zaidi! Ubavu uliruka chini ya kidole changu Jumanne, mara mbili, nikasema umechubuka! Alijua yeye, nilijua mimi, ulijua wewe, na aliyesema ni yeye peke yake!"

Kijana wa benki alikuwa tayari anapiga simu. Kisha nikasikia mipira inadondoka kwenye nyasi, mmoja mmoja. Corey alikuwa amesimama nyuma yangu na wavu mtupu.

"Ulinishika," akasema. "Nikakuuliza una hakika."

"Ndiyo."

"Ulikuja hospitali na zabibu."

"Ndiyo, Corey."

Alinipiga mara moja. Hakunipiga usoni. Ilikuja kutoka chini, ngumi ya fundi wa uzio, ikaingia ubavuni kushoto hadi nikaona weusi, na nikajikuta nimelala kwenye matope nafungua mdomo na hakitoki kitu. Hakuna aliyemshika. Hakuna aliyeniinamia. Niliona viatu vyao tu, na mbali zaidi, nyuma ya waya, gumboti mbili.

"Ni wa kumi," Merle akasema kutoka kule, sauti ya kazini, bila chuki. "Na haujavunjika. Inuka, Pasko, umshikilie Dooley kichwa kisicheze."

Niliinuka, nikaenda nikakishikilia. Nilikishikilia dakika ishirini na tano mpaka gari la wagonjwa lilipofika, Merle akiniambia kutoka nje niweke mikono wapi, na muda wote ule hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwenda kumfungulia geti.